Nati za shaba zinazozunguka ndani ya kava la pikipiki

Msomaji wa Tanga ameandika kwamba ana pikipiki ya mtumba ya cc 250 yenye kava kamili la plastiki kuanzia taa ya mbele hadi chini ya injini. Nati ndogo za shaba zilizozamishwa ndani ya plastiki zimelegea: mbili zinazunguka pamoja na bolti, moja imechomoka na kubaki kwenye bolti, na ya nne imeshikana na bolti yake kwa kutu kiasi kwamba kava la upande wa kulia halifunguki tena. Fundi alizibandika kwa supaglu iliyochanganywa na bekingi soda, lakini hazikudumu. Nyuma ya kava kubwa pameandikwa ABS, na nyuma ya kava dogo la ndani pameandikwa PP. Anauliza atumie gundi gani, au kama anunue kava jingine.

Ndugu msomaji, kava jipya halihitajiki. Maadamu kile kinundu cha plastiki kinachoibeba nati bado kipo, hata kikiwa kimepasuka, kazi hii inafanyika nyumbani kwa vifaa vya kawaida. Hata hivyo, swali la gundi gani lina majibu mawili, kwa kuwa unazo plastiki za aina mbili, ABS na PP, zenye tabia tofauti kabisa, na lipo swali la kutangulia ambalo fundi wako alilipita, nalo ni kitu gani kilichozing'oa nati hizo. Usipolijibu hilo, gundi ya bei yoyote itakupa muda mfupi tu.

Nati hizi hazikuwekwa kwa gundi tangu mwanzo. Kiwandani huzamishwa kwa joto au kwa mtetemo wa kasi kubwa, au huwekwa ndani ya kalibu kabla ya plastiki kumiminwa. Itazame ile iliyochomoka: ubavuni ina michirizi myembamba iliyokatizana, na katikati ina mfereji unaoizunguka. Plastiki iliyoyeyuka iliingia humo ikaganda. Michirizi huizuia nati isizunguke, na mfereji huizuia isichomoke. Nati inapozunguka bure maana yake ni kwamba meno ya plastiki yaliyokuwa ndani ya michirizi yamesagika, na tundu limekuwa laini na pana kidogo kuliko nati. Hapo ndipo supaglu inaposhindwa. Ikichanganywa na bekingi soda hukauka papo hapo na kuwa ngumu, lakini ugumu wake ni wa kuvunjika, hauvumilii mtetemo wa injini wala kusukumwa kwa bolti. Zaidi ya hapo, haishiki vizuri shaba yenye grisi, na nati iliyotoka kwenye bolti karibu kila mara ina grisi.

Sasa tuangalie sababu. Kwa pikipiki inayolala karibu na bahari, ninayoishuku kwanza ni kutu. Bolti ya chuma cha kawaida iliyopoteza mipako yake hushika kutu ndani ya nati, na siku unapoifungua, nguvu ya mkono wako haiishii kwenye meno ya bolti bali huhamia kwenye plastiki. Nati yako ya nne imefikwa na hilo. Ya pili ni bolti isiyo yake. Bolti ya robo inchi na ya milimita 6 (M6) kwa macho zinafanana, lakini robo inchi ni milimita 6.35 na meno yake hayalingani na ya M6, ambayo katika pikipiki huwa na hatua ya milimita 1 kutoka jino hadi jino. Ikilazimishwa inaingia kidogo, kisha inaing'oa nati. Bolti ndefu kupita kiasi nayo ina madhara yake: ikifika mwisho wa tundu lisilotoboka, kila mzunguko unaoongeza huisukuma nati nje kama jeki.

Iko sababu nyingine ambayo hata mafundi wazoefu huipita. Unapokaza bolti, kitu kinachobanwa kinatakiwa kukalia uso wa nati yenyewe, si plastiki inayoizunguka. Ikiwa tundu la kishikio cha chuma au la kava la juu ni pana kuliko nati, na washa au bushi yake (kibomba kifupi cha chuma) imepotea, hakuna kinachoizuia nati isivutwe. Bolti inaivuta kuelekea kichwa chake, nati inapanda kupitia lile tundu pana, na inachomoka bila wewe kutumia nguvu ya ajabu. Chukua ile nati iliyochomoka, ipitishe katika tundu la kipande kilichokuwa kikifungwa nayo. Ikipita, umepata mkosaji, na dawa yake ni washa yenye tundu dogo kuliko nati, au bushi ya chuma iliyokuwepo pale awali.

Jambo la mwisho katika uchunguzi huu linahusu kishikio. Pikipiki ya mtumba mara nyingi imewahi kuanguka, na kishikio cha chuma kinachobeba kava hupinda kidogo bila kuonekana. Baada ya kuyatoa makava yote, yarudishe mahali pake bila bolti hata moja, uyashike kwa mkono tu, kisha uangalie kila tundu. Tundu lililokosana na mwenzake kwa milimita 4 au 5 litamfanya mfungaji alivute kava kwa nguvu ili bolti iingie, na kuanzia siku hiyo nati itakuwa inavutwa upande mmoja usiku na mchana. Nyoosha kishikio kwanza. Angalia pia raba zinazokaa kati ya kava na vishikio, kwa kuwa zikiwa zimekauka au hazipo, mtetemo wote wa injini unafika kwenye plastiki.

Kazi yenyewe ianze na bolti isiyotoka, maana bila kuitoa hutalifungua kava. Nati inazunguka, hivyo kugeuza bisibisi peke yake hakutasaidia. Unatakiwa kuizuia nati. Jaribu kwanza njia isiyoumiza. Ingiza ncha ya bisibisi bapa na nyembamba chini ya kichwa cha bolti, ukiwa umeifunga utepe ili isikwaruze rangi, uinue kwa upole kama unayetaka kuichomoa, na mkono wa pili uendelee kuifungua bolti polepole. Mvuto huo huibana michirizi ya nati dhidi ya ukuta wa tundu, na ikiwa kutu si kali, bolti itatoka.

Ikigoma, na ikiwa unaweza kuufikia ubavu wa kinundu kwa nyuma, chukua msumari mwembamba, upashe moto kwa pasi ya kulehemu, usukume kupitia ubavu wa kinundu hadi uiguse nati na ncha yake ijikite kwenye michirizi. Uache upoe kabisa, kisha ushike kwa plaizi na ufungue bolti. Tundu dogo litakalobaki utaliziba baadaye. Hilo nalo likishindikana, bolti itabidi itolewe kichwa. Tumia biti ya drili iliyo pana kidogo kuliko mwili wa bolti, na ukibane kichwa kwa plaizi ya kujifunga au kwa ile bisibisi bapa, kwa sababu biti ikishika tu itaizungusha bolti yote badala ya kuikata. Endesha drili polepole na upumzike kila baada ya muda mfupi, kwani bolti inayopata moto huiyeyusha plastiki kutoka ndani. Vaa miwani. Kichwa kikitoka, kava litafunguka na kipande kilichobaki utakishughulikia ukiwa umekaa.

Katika hatua hii yote usiimwagie bolti petroli wala mafuta ya breki kwa matumaini ya kulainisha kutu. Vyote viwili huishambulia ABS, na nyufa ndogo hujitokeza baadaye mahali ambapo plastiki ilikuwa imebanwa. Mafuta ya kulainisha kutu yatumike kwa tone tu, na baadaye yafutwe kabisa, kwa sababu hakuna gundi inayoshika juu yake.

Nati iliyotoka pamoja na bolti yake ifunge kwenye jiliwa, ikiwa mbali na plastiki. Sasa unaweza kuipasha kwa moto wa gesi au wa mshumaa, ukaitia mafuta, ukaifungua bila wasiwasi. Meno ya ndani yakiwa na kutu na uchafu, safisha kwa tepu ya M6, kile chombo cha kukatia meno ya ndani. Kama huna tepu, chukua bolti nzima ya M6, ikate mfereji mmoja wa urefu kwa msumeno wa chuma katika meno yake, uondoe vibanzi vya chuma, kisha uipitishe taratibu ndani ya nati. Mfereji huo utakusanya uchafu. Nati iliyokula meno itupwe. Mbadala wake hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki na wa mashine za kuchapa vitu vya plastiki, au unaweza kuinyofoa katika kava bovu la skuta. Fundi wa kukereza chuma anaweza pia kukutengenezea kutoka kwenye fimbo ya shaba, mradi umwambie wazi kwamba unataka michirizi na mfereji ubavuni. Akikupa bomba laini lenye meno ndani tu, halitakufaa.

Wewe umeshaziona herufi za ABS na PP. Kwa msomaji ambaye herufi zake zimefutika, kata kibanzi kidogo kutoka sehemu iliyojificha, ukiangushe ndani ya glasi ya maji ya bomba. PP ni nyepesi kuliko maji na itaelea, ABS itazama. Yasiwe maji ya bahari, kwa kuwa chumvi hupunguza tofauti na kibanzi kidogo cha ABS chenye kiputo cha hewa kinaweza kukudanganya. Tone la asetoni upande wa nyuma hutoa ushahidi wa pili: ABS hunata baada ya muda mfupi, PP haishtuki hata kidogo. Ukiona nyuzi nyuzi badala ya plastiki safi, hilo ni kava la faiba, nalo haliyeyuki kwa pasi. Huko epoksi, gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, ndiyo njia.

Kwa ABS, mimi hupendelea kuirudisha nati kwa joto kila inapowezekana, kwa sababu ndiyo njia inayorudisha ule mshiko wa asili wa plastiki kuingia ndani ya michirizi. Shida ni kwamba tundu lako limepanuka, na plastiki iliyosagika haitarudi yenyewe. Inabidi uongeze plastiki. Kusanya mabaki ya ABS, ikiwezekana ya kava lililovunjika, au matofali ya kuchezea ya LEGO, ambayo nayo ni ABS. Yakate vipande vidogo ndani ya chupa ya kioo, uyamwagie asetoni kiasi cha kuyafunika, ufunge kifuniko na uache hadi kesho yake, yatakapokuwa mazito kama uji wa ulezi. Asetoni halisi huuzwa kwa wauzaji wa rangi na kemikali. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha mara nyingi imetiwa mafuta na manukato, nayo huharibu mshiko.

Safisha tundu kwa spiriti. Likwaruze ndani kwa msasa mkali. Paka uji huo kwenye kuta, kisha panga vijiti vyembamba vya ABS kuzunguka ukuta mpaka tundu lirudi kuwa dogo kuliko nati kwa takriban nusu milimita, ukipima upana wa nati kwa nje penye michirizi. Usijaze tundu lote kwa uji peke yake. Asetoni inapopotea hewani uji husinyaa, na tabaka nene hukauka juu huku ndani likibaki laini na lenye mapovu. Ndiyo maana vijiti vigumu vinahitajika, na uji uwe wa kuviunganisha tu. Acha siku 2 au 3. Watu wengi wanaharibu kazi hapa kwa haraka: asetoni iliyobaki ndani ikikutana na pasi ya moto hutoa mapovu na inaweza kuwaka. Chupa ya asetoni yenyewe iwe chumba kingine kabisa wakati pasi imewashwa.

Sasa zamisha nati. ABS huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 105 hivi, lakini pasi inatakiwa kuwa na moto zaidi ya huo ili ipenyeze joto kupitia shaba. Kama pasi yako ina kipimo, iweke kati ya nyuzi 230 na 250. Kama haina, pasi ya wati 40 inatosha, na kiongozi wako awe macho: ukiona moshi, umepitiliza. Fanya kazi hii penye hewa, kwa kuwa mvuke wa ABS si wa kuvuta. Simamisha nati juu ya tundu, weka ncha ya pasi ndani yake, na uiache izame kwa uzito wa pasi na wa mkono uliolegea. Hakikisha imenyooka kutoka pande mbili, maana baada ya kupoa hutaweza kuinyoosha. Inapobaki sehemu ndogo tu juu, toa pasi na haraka uikandamize kwa kipande bapa cha chuma baridi hadi ilingane na uso wa kinundu. Chuma hicho kinaisawazisha na pia kinaipoza. Chini ya nati pabaki nafasi ya milimita 1 au 2, ili plastiki iliyosukumwa ipate pa kwenda badala ya kupanda ndani ya meno. Usiiguse kwa bolti mpaka ipoe kabisa.

Pale ambapo ukuta wa kinundu umebaki mwembamba, chini ya milimita 2 hivi, joto litakiharibu kinundu kizima, na hapo tumia epoksi ya mirija miwili. Chagua ile inayoganda kwa saa 24, si ya dakika 5. Ya haraka ni nzuri kwa vyombo vya nyumbani, lakini huwa dhaifu zaidi, na karibu na rejeta hulegea mapema. Hata hiyo ya polepole, nyingi huanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 60 hadi 80, kwa hiyo kinundu kilicho kando kabisa ya injini kirudishiwe ngao yake ya joto kama ilikuwepo.

Epoksi haitakiwi kutegemea kunata peke yake. Kwa ncha ya pasi au kisu kidogo, chonga vishimo vitatu au vinne ndani ya ukuta wa tundu, vikiingia ubavuni, ili epoksi iliyoganda iwe na mizizi ndani ya plastiki. Nati nayo ikwaruzwe kwa tupa, ioshwe kwa spiriti, na isishikwe tena kwa vidole. Ziba chini yake kwa kipande cha utepe ili epoksi isipande ndani. Bolti ipakwe nta au mafuta ya mgando kwenye meno, kwa uangalifu ili yasifike ubavuni mwa nati, kisha ifungwe ndani ya nati. Changanya epoksi kwa vipimo sawa na maelekezo yake, uiongezee nyuzi za pamba au za faiba zilizokatwa fupi fupi, uipake ndani ya tundu na kwenye michirizi, uzamishe nati na ufute inayofurika. Kisha, na hili ndilo linalotenganisha kazi nzuri na ya kubahatisha, rudisha kava mahali pake kwenye pikipiki ukiwa na bolti hiyo imepita katika kishikio chake, bila kuikaza, ili nati igande ikiwa imeelekea hasa pale bolti inapotoka. Weka kipande cha nailoni kati ya nyuso mbili ili epoksi isiunganishe kava na kishikio. Kesho yake legeza bolti robo mzunguko ukihisi kama inafunguka yenyewe bila kuivuta nati, kisha itoe.

Kinundu kilichopasuka kwa urefu kisichukuliwe kama hakipo. Kibane kwa kibano mpaka ufa ufunge, paka uji wa ABS ndani ya ufa, na kikikauka kivishe pete. Kipande kifupi cha bomba la maji la PVC lenye kipenyo kinachokaribiana na kinundu, kilichochongwa kwa tupa hadi kiingie kwa kubana kidogo na kubandikwa kwa epoksi, huzuia ufa usifunguke tena nati inapokazwa. Kama nafasi haitoshi kwa bomba, zungushia waya mwembamba wa chuma raundi kadhaa na uufunike kwa epoksi. Pete kwanza, nati baadaye. Ukizamisha nati ndani ya kinundu chenye ufa, utaupanua tu.

Kava la ndani la PP ni habari nyingine. Uso wa PP haukubali gundi: supaglu, epoksi na uji wa ABS vyote hubanduka, wakati mwingine kwa ukucha. Asetoni haiigusi. Kinachowezekana ni joto, na plastiki ya kuongezea lazima iwe PP. Angalia chini ya ndoo, mabakuli au viti vya plastiki. Pembetatu yenye namba 5 ndiyo PP. Kata vijiti, viyeyushe ndani ya tundu pamoja na ukuta wenyewe, ukikoroga kwa ncha ya pasi ili plastiki ya zamani na mpya zichanganyike, kwa kuwa ukimiminia juu ya ukuta ambao haujayeyuka, kijiti kitaganda na kutoka kizima. Joto la pasi liwe chini kidogo kuliko la ABS. Ikipoa, toboa upya kwa biti iliyo ndogo kuliko nati, na uizamishe kama nilivyoeleza.

Lakini kwa kava la ndani, ambalo halionekani, sioni haja ya kujisumbua hivyo. Kama mkono wako unafika nyuma, toboa kinundu hadi upande wa pili, pitisha bolti, na uweke washa pana na nati ya kujifunga yenye pete ya nailoni. Kama hufiki, tumia nati ya klipu, ile ya bati iliyokunjwa kama herufi U inayochomekwa kwenye ukingo wa kava, ambayo wauzaji wa vipuri vya pikipiki na magari huwa nayo. Haitegemei plastiki kuishika isizunguke, na ikiharibika unaibadilisha bila pasi wala gundi. Wanaotafuta usafi wa kiwandani watanilaumu. Pikipiki haitajua tofauti.

Wakati wa kufunga, badilisha bolti zote nne. Za chuma kisichoshika kutu zinafaa zaidi kwa hewa ya Tanga. Pima kina cha kila tundu kwa njiti ya kiberiti, ujumlishe unene wa kava, washa na raba, na uchague bolti inayojaza nati yote bila kugusa mwisho wa tundu. Zile zenye bega chini ya kichwa zirudi palepale zilipotoka, kwa sababu bega hukaa juu ya bushi na kuzuia plastiki isibanwe kupita kiasi. Bolti ya kawaida mahali hapo itabana hadi kitu kivunjike. Paka grisi kidogo ya silikoni kwenye meno. Usitumie ile gundi ya kuzuia bolti kulegea inayotumika kwenye injini: ikitiririka juu ya ABS huifanya ipasuke, na siku ya kufungua itairudisha nati yako kwenye hali uliyoniandikia.

Anza bolti zote kwa vidole, mizunguko miwili mitatu kila moja, kabla ya kukaza hata moja. Isiyoingia kwa vidole haijakaa sawa. Sogeza kava, usisogeze bolti kwa nguvu. Kisha kaza kuanzia katikati ya kava kuelekea pembeni, kwa bisibisi fupi au alenki iliyoshikwa upande wake mfupi, ili mkono usipate nguvu ya kupitiliza. Raba ikibonyea kidogo, inatosha.

Chora mstari mdogo wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye kava. Baada ya wiki moja ya kuendesha, itazame mistari hiyo badala ya kukaza bolti upya kwa mazoea. Mstari uliokatika unakuonyesha bolti iliyolegea, nayo irudishwe kwa upole. Na ukikuta bolti moja inazunguka tena pamoja na nati yake wakati nyingine tatu zimetulia, usianze na gundi: fungua kava na upime upya kishikio cha chuma kilicho karibu nayo.